Mapanki Yanaenda Wapi

Mpaka leo nikinusa mafuta ya sangara yakichemka kwenye karai, hasira hunipanda kabla ya njaa. Wenzangu tukipita mahali wanakokaanga mapanki hujilamba midomo. Mimi huangalia pembeni kwanza, nikapumua, ndipo niulize bei kama watu wengine. Hebu nikueleze kwa nini, maana nimechoka kuulizwa mbona nanunia chakula.

Kama hukulelewa Mwanza, mapanki ni kile kinachobaki sangara akishatolewa minofu kiwandani: kichwa, mfupa wa mgongo na mkia, pamoja na nyama kidogo iliyoponea katikati. Minofu hupanda ndege ikaenda ng'ambo kwa wenyewe, mapanki yakabaki kwetu. Mama yangu aliyanunua kwenye geti la kiwanda kimoja cha Nyakato, akayaanika juani juu ya vichanja, kisha jioni akayakaanga Kirumba, hatua chache kutoka soko la Mwaloni. Hayakutaka mafuta mengi, kwa sababu yakishapata moto hujikaanga kwa mafuta yao yenyewe. Harufu ile iliingia kwenye kila kitu chetu. Leticia, binti wa fundi cherehani niliyekaa naye dawati moja, alikuwa akiniambia bila ubaya wowote, "Kabula, leo daftari lako limekaangwa." Nilicheka naye, kwa sababu mapanki ndiyo yaliyoninunulia lile daftari.

Nilikuwa darasa la sita shule yetu ya parokia ilipoalikwa Kisumu na shule rafiki ya huko. Tuliambiwa ni ziara ya mafunzo: tungelala kwenye bweni la wenyeji, tungetembelea viwanda, tungeuliza maswali, tungerudi tumefunguka macho. Parokia ilibeba gharama, na waliochaguliwa ni wale waliofanya vizuri kwenye mtihani. Mimi na Leticia tulikuwemo. Mtaani kwetu hakuna mtoto aliyewahi kuvuka mpaka, basi kwa wiki nzima nilitembea shingo imenyooka.

Aliyetuongoza ni Mwalimu Bwire, Mjita mmoja mwenye suti ya kahawia na sauti ya kengele. Alikuwa mwalimu mzuri, sitamsema vibaya hapo. Lakini ulimi wake uligeuza l kuwa r na r kuwa l bila kuomba ruhusa, na kwa bahati mbaya mkono wake uliandika vilevile ulimi ulivyosema. Methali yake ilikuwa moja, "Kuuliza si ujinga," na aliisema kila asubuhi. Kisha akaongeza sharti: kule tunakokwenda, maswali yote yatakuwa kwa Kiingeleza. Yeye mwenyewe aliyatunga akamgawia kila mtoto lake. Langu lilihusu ujazo wa chumba cha baridi. Nililikariri vizuri sana, bila kujua ujazo ni mnyama gani.

Nyumbani nilipewa swali jingine, na hilo ndilo lililokuwa swali.

Siku zile mama alikuwa njia panda. Mama mdogo Salome, aliyemfuata kuzaliwa, alikuwa na meza ya dagaa pale Mwaloni, na alikuwa anaolewa Sengerema. Alitaka meza ile aiachie dada yake, lakini wapo wengine walioimezea mate, kwa hiyo alitaka jibu kabla hajaondoka. Mama hakuwa na haraka ya kuyaacha mapanki. Wateja walimjua, kichanja kilikuwa chake, na mikono ilizoea. Kilichomkosesha usingizi ni dereva mmoja wa lori la samaki aliyewaambia kina mama wa getini kwamba kule Kisumu imekuja mashine inayosaga mifupa ikawa chakula cha kuku, na kwamba ikifika Nyakato wao watakaa bila kazi. Baadhi walimcheka. Mama hakucheka, wala hakumwamini.

"Dereva ana maneno," aliniambia akinisuka nywele kwa ajili ya safari. "Wewe unakwenda kuingia ndani. Mimi miaka yote hii naishia getini. Wakikuonyesha minofu, angalia, ni sawa. Lakini niulizie kitu kimoja tu. Mapanki yanaenda wapi? Wanawauzia kina mama au wanasaga? Ukirudi ndipo nitamjibu Salome."

"Wasiponionyesha, mayu?"

"Macho hayana pazia," akasema, akavuta msuko mpaka nikafumba moja.

Ningependa kukwambia safari ilikuwa nzuri. Ilianza kuharibika palepale mpakani Sirari. Afisa alilinganisha majina kwenye barua za ruhusa alizoziandika Mwalimu Bwire na vyeti vyetu vya kuzaliwa, akauliza huyu Reticia ni nani na huyu Leticia ni nani, na mbona wa kwanza ana barua lakini hayupo, na wa pili yupo lakini hana barua. Mimi nilikuwa nimeandikwa Kabura. Afisa alilisoma mara mbili, akasema jina hilo limekaa kikaburi. Mwalimu alijaribu kueleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo l na r zilivyozidi kumponyoka, mpaka afisa akadhani anatajiwa watoto wapya. Tulikaa juani kutwa nzima tukila mihogo ya kuchemsha, tukiangalia mbuzi wakivuka mpaka bila kuulizwa chochote. Kiwanda cha sabuni kilichokuwa cha kwanza kwenye ratiba kikatupita. Cha sukari nacho kikatupita. Nilianza kuomba kimoyomoyo: vipite vyote, ila cha samaki kibaki.

Kilibaki. Usiku uliotangulia, wenyeji wetu bwenini walitufundisha maneno yao, na Leticia aliyadaka kama anayeokota maembe. Sangara kwao ni mbuta. Sato ni ngege. Dagaa ni omena. Tulicheka, kwa sababu ziwa ni lilelile, na samaki hao huenda asubuhi walikuwa kwetu. Nilipowauliza mapanki yanaitwaje, walinitazama tu. Walikuwa watoto wa walimu na makarani, nadhani sangara walimjua akiwa mezani, mzima. Sikusisitiza. Nilijiambia kesho nitamuuliza mwenye kiwanda.

Kiwandani tulipokewa na Bwana Otieno, mtu mnene mcheshi, msimamizi wa kazi. Tulijipanga, tukaimba kwa pamoja, "Shikamoo!" Akatabasamu akasema, "Shikamoo pia." Sisi tukabaki tumesimama tunasubiri marahaba, yeye naye anasubiri tuketi, mpaka Mwalimu akakohoa. Mlangoni dada mmoja alitukagua kwa ukali wa mtawa. Hereni zilivuliwa, saa ya Mwalimu ikavuliwa, bangili ya Leticia ikabaki kwenye bakuli. Alitusomea masharti: hakuna viatu wazi, hakuna mikono wazi, hakuna nywele wazi. Tulivalishwa makoti meupe, kofia za wavu na mabuti ya mpira yaliyonizidi. Nakuomba uyakumbuke masharti hayo, yana kazi mbele.

Ndani kulikuwa na baridi na kelele. Nyuma ya kioo niliona wanaume wakipitisha kisu mara moja upande huu, mara moja upande ule, na mnofu ukatoka mzima kama soli ya kiatu. Wenzangu waliangalia mnofu. Mimi niliangalia kilichobaki. Kilisukumwa kwenye mkanda unaotembea, kikaenda mpaka ukutani, kikapenya kwenye tundu lililofunikwa vipande vya mpira. Kingine kikafuata. Nilisogeza pua mpaka kioo kikaingia ukungu. Nyuma ya ule ukuta ndiko lilikokuwa jibu la mama yangu, na sisi tukageuzwa kushoto kwenda kutazama maboksi.

Nilimvuta Mwalimu koti nikamnong'oneza kwamba nataka kuona kule nyuma. Alisema haimo kwenye ratiba. Tulitazama maboksi. Tulitazama mtambo wa barafu. Tulitazama cheti kwenye fremu, na picha ya watu wakipeana mikono, na Bwana Otieno akaeleza kila mkono ni wa nani. Nilikuwa nakaribia kulia, siyo kwa huzuni, kwa hasira tu.

Maswali yaliulizwa palepale kwenye korido, mitambo ikiunguruma. Watoto walitapika Kiingereza walichokariri, Bwana Otieno akajibu kwa Kiingereza cha kasi, hakuna aliyeelewa, na wote tukatikisa vichwa. Zamu yangu ikafika. Ule ujazo ulikuwa kwenye ncha ya ulimi. Nikaumeza, nikasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya kupambana na mitambo, "Shikamoo. Mapanki yanaenda wapi?"

"Mapanga?" akauliza Bwana Otieno. Akacheka kwa upole. "Hapana, mtoto. Hapa hatutumii panga. Ni visu tu."

Kicheko kilichopigwa hapo bado nakisikia. Mwalimu Bwire alinitolea macho. Kuuliza si ujinga, lakini macho yake yalisema mengine. Ningenyamaza, na watoto wengi wangenyamaza. Nikamwona mama anavuta msuko. Nikasema tena, "Siyo panga. Ule mgongo," na kwa kuwa sikuwa na neno jingine, nikageuka, nikapitisha mkono kwenye mgongo wangu mwenyewe, kutoka shingoni mpaka kiunoni. "Mgongo. Kina mama."

Uso wake ukafunguka. "Aaa! Mgongo wazi!"

Leticia alibana kicheko kikamtokea puani. Kwetu, wewe unajua, mgongo wazi ni gauni. Ni lile gauni lisilo na kitambaa nyuma, ambalo padri alilikemea madhabahuni na baba yake Leticia alilishona kwa siri. Na Bwana Otieno, kwa umakini wote, akainama mpaka usawa wangu akanijibu:

"Hiyo mgongo wazi, zamani tulikuwa tunaachilia akina mama pale kwa geti. Lakini tumesimamisha. Siku hizi hakuna mama anatoka hapa na mgongo wazi. Hata huko kwenu Mwanza, wenzetu wanakuja kusimamisha hii hii. Mtaona."

Watoto walikufa kwa kucheka. Mwalimu Bwire, aliyedhani nimemuuliza mwenyeji wetu wa heshima habari za magauni, alinishika bega akanirudisha nyuma ya mstari. Nami nilisimama pale na mabuti yangu makubwa, nimefura. Nilimwona huyu mtu hafai. Namuuliza samaki, ananijibu panga. Namwonyesha mfupa, ananisomea masharti ya mavazi, kama yule dada wa mlangoni. Kwenye basi nilikaa peke yangu, sikumsemesha hata Leticia.

Nilipofika nyumbani mama hakuniuliza habari za safari. Aliniwekea chakula, akakaa mbele yangu na khanga yenye harufu ileile, akasubiri nimeze tonge la kwanza. "Enhe. Mapanki?"

"Hayapo, mayu. Hata jina hawalijui. Nilimuuliza mkubwa mwenyewe, akaniambia mambo ya panga."

"Na baada ya panga?"

Hapo nikasita. Binti wa darasa la sita hamwambii mama yake kwamba mwanaume wa makamo alimzungumzia gauni la mgongo wazi. Tulilelewa hivyo. Nikasema, "Baada ya hapo hakusema cha maana." Nilikuwa nasema kweli kwa jinsi nilivyoijua kweli.

 Kama hata jina hawalijui, mama akasema, basi hawana biashara nayo, na kama hawana biashara nayo, mashine wanaitafutia nini. Dereva ana maneno. Kesho yake alimwambia mama mdogo Salome ampe mwingine ile meza ya dagaa. Akaongeza kichanja cha pili. Nilimsaidia kufunga kamba, na alikuwa akiimba.

Kabla shule hazijafungwa, geti la Nyakato lilifungwa kwa kina mama. Hapakuwa na tangazo. Walienda na mabeseni yao alfajiri kama kawaida, mlinzi akawaambia warudi, mifupa inasagwa. Walirudi kesho yake wakaambiwa hivyo hivyo. Mama alikaa na vichanja viwili vitupu vilivyokauka juani, na watu wakaanza kuanika nguo juu yake. Alikwenda Mwaloni kuulizia nafasi, akakuta hakuna hata pa kuweka sinia. Basi akaanza kufua nguo za watu, nyumba kwa nyumba, ameinama kutwa, jioni anajinyoosha kwa kushika ukuta. Haikutosha. Darasa la saba nilipelekwa Sengerema kwa mama mdogo Salome. Nakumbuka kivuko cha Kigongo kikiachana na nchi kavu kuelekea Busisi, na mama upande ule mkono mmoja hewani na mwingine kiunoni. Siku hizi nikilipita daraja lililojengwa pale kwa dakika chache tu, hukasirika tena. Kwangu yale maji yalikuwa mapana sana.

Kwa miaka yote hiyo nyumbani kwetu kulikuwa na mkosaji mmoja, naye ni mtu wa Kisumu. Mama alimtaja wakati wowote mtu alipoficha jambo. Jirani akikataa kusema alikonunua mchele wa bei nafuu, mama husema, "Huyu naye ni yule wa Kisumu." Alimficha mtoto, alisema. Mtu anakaa katikati ya samaki, anaulizwa mapanki, anajifanya hayajui. Nilikubaliana naye kwa moyo wote. Ilitusaidia kuwa na mtu wa kumchukia pamoja, hasa tulipokuwa mbalimbali.

Sasa mimi ni fundi wa majokofu na vyumba vya baridi, na ujazo ninaujua vizuri sana. Mwaka jana kazi ilinipeleka Kisumu. Mchana nilishuka ufukweni kutafuta chakula, na kabla sijaona kitu, harufu ikanifikia, na hasira ikaja nyuma yake kama kawaida. Mama mmoja alikuwa ameketi mbele ya karai. Yalikuwa yenyewe: kichwa, mfupa, mkia, yakijikaanga kwa mafuta yake. Nikamwambia anipimie mapanki.

"Mapa-nini?" akauliza. Akageuza moja kwa uma mrefu. "Hii ni mgongo wazi, dada. Siku hizi ni ngumu kupata, viwanda vinasaga. Nikupatie?"

Nilibaki nimeshika sahani. Nilitaka kumpiga mtu ngumi, na hapakuwa na wa kumpiga. Hakuna mama anatoka hapa na mgongo wazi. Wenzetu wa Mwanza wanakuja kusimamisha hii hii. Yule mtu alikuwa ameinama mpaka usawa wa macho yangu, akaniambia yote, la kwao na la kwetu, neno kwa neno, kwa lugha niliyozaliwa nikiisikia. Sangara tuliambiwa jina lake, na sato, na dagaa. Lilibaki neno moja tu, na ndilo hilo. Nilipokuwa mtoto niliamini nilirudi mikono mitupu kwa sababu watu wazima hawakutaka kunijibu. Kumbe jibu nililibeba mpaka nyumbani, nikaketi nalo mbele ya mama, nikalimeza pamoja na tonge kwa ajili ya adabu.

Niliporudi Mwanza nilikwenda moja kwa moja kwake. Nilimkuta anachambua maharage. Nikamsimulia yote, hata gauni. Aliniomba nirudie maneno ya Bwana Otieno, nikayarudia. Akaomba tena, nikarudia tena, taratibu.

"Kwa hiyo alijibu," akasema.

"Alijibu, mayu."

"Na la huku kwetu alilisema."

"Alilisema."

Alichambua maharage kidogo. "Na mimi miaka yote hii namsema mtoto wa watu." Nikadhani ameyamaliza. Kisha akalitamka lile neno polepole, kama anayeonja chumvi, "Mgongo wazi," na mkono wake ukaenda nyuma, pale kiunoni panapomuuma tangu siku za kufua.

"Hawakukosea jina," akasema. "Ila ulioachwa wazi ni wangu."